Gari la Kumfikia Mama

Kaeni, wapendwa. Kwaya imetuamsha vizuri, sasa tutulie kidogo, kwa sababu nimekuja na kijana mmoja na sitaki awapite. Simtaji jina. Nikimtaja mtageuka kutazama viti vya nyuma, na habari hii inahusu viti vyote.

Kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi mjini. Kijana mzuri. Anaamka mapema, anapiga pasi shati lake mwenyewe, na mama yake akipiga simu haiiti mara tatu kabla hajapokea. Alipofikisha mwaka wa tatu kazini akasema, sasa nanunua gari. Jumamosi moja asubuhi akamchukua rafiki yake, mwalimu mwenzake, wakaenda kwenye uwanja wa kuuzia magari.

Mnaujua uwanja wa namna ile. Magari madogo yamepangwa mbele, yameoshwa, yameng'arishwa, mafupi na mepesi, ya kuegesha hata upenuni. Kijana akayapita yote. Akaenda mpaka nyuma, karibu na ukuta, kulikosimama gari moja refu la rangi ya majani makavu, gari la kupanda milima, yale ambayo magurudumu yote manne yanavuta. Mbele lilikuwa na bampa la chuma, na juu ya bampa winchi, ile roda ya waya ambayo ukikwama unafunga ndoano kwenye mti na gari linajivuta lenyewe. Matairi yake yalikuwa na kashata nene, mabonge ya mpira yaliyokatwa kwenda chini hata kidole kinazama. Kijana akachuchumaa, akaingiza kidole. Kikazama. Akainuka anatabasamu.

Rafiki yake akasema, "Usiniambie."

"Ndilo hili."

"Kaka, unakaa nyumba za chuo. Kutoka kitandani kwako mpaka darasani ni lami. Hili unakwenda nalo wapi?"

"Kwa mama."

"Kwa mama unakwenda mara ngapi kwa mwaka?"

"Nne. Tano, nikipata likizo ndefu."

"Sawa. Siku tano unapanda mlima. Siku mia tatu na sitini unaendesha kifaru kwenda kununua nyanya."

Muuzaji aliyekuwa amesimama pembeni akamwambia kijana, "Bosi, siku nyingine huyu rafiki yako mwache nyumbani."

Wakacheka wote. Kisha kijana akaacha kucheka. Akasema, "Njia ya kwetu unaijua. Kutoka lami ni kilomita tisa za udongo mwekundu. Masika ikishika, hata pikipiki zinaachwa kule chini kwenye zahanati. Na mama macho yake yanakwenda. Siku akitakiwa kushuka hospitali, nani atamshusha? Gari hili silinunui kwa ajili ya siku mia tatu na sitini. Nalinunua kwa ajili ya siku ile moja."

Sasa nawauliza ninyi. Alikosea?

Naona mzee Mmbaga ananitazama kwa jicho la kusema, leo anakuja na kiburi cha vijana na magari makubwa. Hapana, mzee wangu. Mimi nasema alichagua vizuri. Anayechagua akiwa ameitazama siku ngumu amechagua kwa akili, tena amechagua kwa upendo. Lishikeni hilo, msiliache lidondoke njiani. Mwanzo wa kijana huyu ulikuwa mzuri. Na hicho ndicho kinachonitisha katika habari yake.

Mwezi wa nne mvua zikaanza. Kijana akapanda mlima kwa mara ya kwanza na gari lake. Palikuwa na tope la kufika kwenye kifundo cha mguu, na maji yakishuka katikati ya njia kama yana haraka. Akatia ile gia ndogo ya pembeni, inayoamrisha magurudumu yote manne kuvuta. Kashata zikauma udongo. Gari likapanda. Likaipita zahanati, likalipita shamba la tangawizi, likaipita kona ya machimbo ya mawe ambako magari mengi yamelala, likafika, likasimama mlangoni kwa mama.

Mama yule jicho lake la kulia lilikuwa limekufa zamani. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, utando mweupe, anaona mwanga na kivuli, basi, kama mtu anayetazama dunia kupitia maziwa. Akasikia muungurumo uani. Akatoka anapapasa ukuta.

"Nani huyo aliyeleta lori kwenye migomba yangu?"

"Mimi, mama."

"Umepandaje?"

"Kwa gari langu. Nilikwambia nitanunua la kukufikia."

Mama akarudi jikoni akampakulia makande, akakaa karibu naye, akamsikiliza akila. Siku ile ilipokwisha kijiji kizima kilikuwa na habari. Walioshuka sokoni walipita kumpongeza. Naye kila aliyepita alimwambia maneno yaleyale: "Mimi sasa sina wasiwasi na njia. Mwanangu anafika mlangoni."

Kijana akarudi mjini. Na mjini, wapendwa, kuna harusi.

Mama Nakijwa, usiinamishe uso, sikusemi wewe. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ninayemsema ni wa usharika wa huko mjini. Lakini mnafanana.

Mwanakwaya mwenzake na kijana yule alikuwa anaoa, wakamwomba gari lake litangulie msafara. Gari refu lile, maua mbele, matarumbeta nyuma, nani asingelitaka? Kijana akakubali kwa moyo mweupe. Ibada ikaisha, picha zikapigwa, watu wakala. Jumatatu mwenyekiti wa kamati akampigia simu.

"Mwanangu, Mungu akubariki, gari lako limesimama kama kanisa. Ila lina kelele. Bibi harusi anasema kwenye lami alijiona amekalia mzinga wa nyuki. Kwenye video hata vigelegele havisikiki."

"Ni zile kashata za matairi, mama. Ni za tope."

"Tope la wapi, baba? Hapa mjini kuna tope? Na tarehe nane tuna harusi nyingine."

Kijana akafikiri. Akaona ni kweli, mjini hakuna tope. Akafunga matairi mengine, mapana, laini, yenye rimu zinazong'aa hata unajiona uso. Yale ya kashata akayalaza nyuma ya nyumba, akasema, nitayarudisha masika ikikaribia. Baada ya mwezi mke wa jirani akayajaza udongo, akapanda mchicha humo. Ukastawi sana.

Harusi ya tarehe nane ikafika. Wapambaji wakalalamika kwamba winchi inachana utepe, na maua hayapati pa kukaa. Winchi ikafunguliwa, ikawekwa stoo. Harusi iliyofuata, bibi harusi alikuwa na gauni la mkia mrefu, na gari liko juu. Mwenyekiti akauliza, "Sasa huyu binti apande vipi, tumrushe?" Fundi akachomelea ngazi pembeni, chini kabisa, ngazi nzuri za kung'aa, karibu ziguse lami. Harusi nyingine ikaja na spika zake. Kule nyuma ya gari kulikuwa na sepetu, kamba nene na mbao mbili za kutegea chini ya gurudumu. Vyote vikashushwa, spika zikapanda.

Kijana hakukataa hata mara moja. Jumapili alitajwa kwenye matangazo: tunamshukuru mwalimu kwa moyo wake wa kujitoa. Watu walipiga makofi. Chuoni wanafunzi walimpa jina, wakamwita Mwalimu Mlima, kwa sababu ya gari. Naye aliitika.

Niambieni, katika hayo yote dhambi iko wapi? Kupunguza kelele ni dhambi? Kumsaidia bibi harusi apande bila kupasua gauni ni dhambi? Mimi nimetafuta sikuiona. Kila alichokitoa alikitoa kwa sababu nzuri, na kila alichokiweka alikiweka kwa sababu nzuri. Hakuna siku aliyoamka akasema, leo namsahau mama. Angesema hivyo angeshtuka, angetubu, angerudi. Aliondolewa kidogo kidogo, huku akishukuriwa.

Na gari je? Gari lilibaki refu vilevile, na rangi yake ileile ya majani makavu. Ukiliona linapita ungesema, lile linapanda popote. Mwenyewe akilitazama asubuhi alisema hivyo hivyo.

Mwaka ukazunguka. Masika ikarudi. Kule mlimani likasomwa tangazo kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya kwa siku nne, kutoka mbali, kupasua mtoto wa jicho. Ijumaa jioni wanafunga vifaa vyao, hawarudi mpaka mwaka ujao. Wazee watano wa kijiji wakaandikishwa, na mama akiwa mmoja wao. Wanne wakapangiwa Alhamisi. Mama akaomba Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa mwanawe hana kipindi.

Jumatano mvua ikapumzika kidogo. Vijana wa kijiji wakafunga machela tano za miti na blanketi, wakasema wazee washushwe leo njia ikiwa bado inakanyagika, walale kwa ndugu zao kule barabarani, kesho wapande gari la lami. Wakapita kwa mama, machela moja bado tupu. Mzee mmoja amelala kwenye machela anavuta kiko, akamwita.

"Shemeji, njoo tukubebe. Huyu wa mbele analalamika mimi mzito, wewe utampumzisha."

"Nendeni tu," mama akasema. "Wangu anakuja Ijumaa."

"Ijumaa mvua itakuwa imerudi."

"Hata ikirudi. Yeye anafika mlangoni."

Lakini machela zilipoanza kushuka, na sauti zao zikapungua, mama akashika simu. Ninyi wenye wazazi mnaijua simu ile, inayoanza na salamu ndefu na neno lenyewe linakuja mwisho.

"Baba, wenzangu wanashuka. Vijana wanasema nafasi yangu ipo. Niende nao?"

Hapa ndipo mahali penyewe, wapendwa. Kama mlikuwa mnasinzia, amkeni hapa. Kijana alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angesema, ngoja kwanza nilitazame gari. Angesema, mama nenda nao, mimi nitakupokea barabarani. Alisema nini?

"Mama, wewe si wa kubebwa kwenye machela, na mimi nipo. Usikanyage hata hatua moja. Kaa mlangoni, nakuja."

Alisema kwa upendo, tena kwa kujiamini. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema kweli ya mwaka jana.

Mama akawaita wale vijana wa machela kwa sauti, akawaambia wasimsubiri.

Ijumaa mvua ikarudi, kama alivyosema mzee wa kiko. Kijana akavaa shati jeupe, akaondoka mjini asubuhi, redio inaimba. Kwenye lami gari lilikwenda kama linateleza juu ya kitambaa. Saa mbili na nusu akaacha lami, akaanza kupanda. Akaipita zahanati. Akalifikia shamba la tangawizi, gari limeanza kuyumba, akatia ile gia ndogo ya pembeni. Magurudumu yote manne yakatii, yakavuta. Lakini yalivuta nini? Tairi laini juu ya tope halina meno ya kuuma. Yakazunguka palepale, yakiimba. Akafika kwenye kona ya machimbo kwa kubahatisha. Pale zile ngazi za harusi zikakwaruza jiwe, zikakwama, gari likageuka nusu na kuteremka taratibu, kama mtu anayekaa kitini, likaingia mtaroni.

Akashuka. Akatafuta sepetu, akakutana na spika. Akatazama mbele kwenye bampa, akaona matundu manne ya nati yaliyoachwa na winchi. Kamba hakuna. Mbao hakuna.

Akapiga simu. "Mama, nimekwama kidogo. Nipe nusu saa."

Baada ya nusu saa akapiga tena. "Mama, bado kidogo."

Mtaniuliza, kutoka pale mpaka kwa mama ni mwendo gani? Kilomita mbili. Kijana mwenye nguvu, wa miaka ishirini na saba sasa, kwa nini hakupanda kwa miguu, amweke mama yake mgongoni, ashuke naye? Mmeuliza vizuri. Hakupanda kwa sababu alikuwa na shughuli. Alikuwa anaokota mawe, anachimba kwa mikono, anatandika majani ya migomba chini ya matairi. Saa nzima na nusu alikuwa analiokoa gari alilolinunua kwa ajili ya kumwokoa mama.

Simu ya tatu alipiga mama. "Baba, uko wapi hasa?"

"Kona ya machimbo."

"Kaa hapo. Nakuja mimi."

Akatoka. Akamshika jirani yake bega, mwanamke mwenye watoto wadogo na kazi zake nyumbani, aliyeacha vyote. Njiani wakapata wanaume watatu wenye majembe, wakafuatana nao. Wakashuka kilomita mbili za utelezi. Mama asiyeona alianguka mara mbili. Alipofika kwenye gari akanyoosha mkono ulitangulie jicho, akagusa ubavu wa gari, akashuka nao mpaka kwenye tairi. Akalipapasa lote, juu, pembeni, akarudia.

"Hili tairi ni laini kama sufuria," akasema. "Hivi ndivyo yanavyokuwa?"

Kijana akasema, "Niliyabadilisha, mama."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na harusi."

Mama hakumgombeza. Akafunga khanga kiunoni, akauliza, "Tunasukuma kutokea upande gani?"

Wakamwambia, mama, wewe kaa pembeni. Akajibu, "Nikae pembeni nitazame nini? Hata nikitazama sioni. Niwekeni mkono mahali."

Wakamweka mbele, kwenye bampa, kati ya wanaume wawili, kwa sababu gari lilitakiwa kurudi nyuma. Kijana akaingia, akatia gia ya kurudi, akakanyaga mafuta. Wakasukuma kwa pamoja. Magurudumu ya mbele yakazunguka kwa hasira, yakachota tope na mchanga wa machimbo, yakavitupa mbele. Gari likatoka mtaroni. Wanaume wakashangilia. Mama alikuwa ameinama, amejishika uso, mkono juu ya jicho la kushoto.

Walifika hospitali saa saba. Muuguzi akamwosha kwa maji mengi, taratibu. Daktari akamulika jicho, akamulika tena, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake. Daktari akivuta kiti mnajua.

"Mama, hili jicho lina mchanga na limevimba. Jicho jekundu hivi silipasui, nitaliua. Linataka lipone kwanza, wiki mbili, labda tatu."

Kijana akauliza, "Basi tumlete lini, daktari?"

"Sisi tunaondoka kesho. Mwakani, kijana wangu."

Nje kwenye benchi walikuwa wamekaa wale wanne wa machela. Walipasuliwa Alhamisi, na asubuhi ile walikuwa wamefunguliwa bandeji. Mzee wa kiko alikuwa anazitazama kucha zake moja moja kama mtu aliyeletewa mikono mipya. Akainua uso akamwona mama anatoka.

"Shemeji," akasema, "una tope mpaka kwenye kilemba." Akashtuka mwenyewe kwa kuliona. Kisha akauliza, "Gari lilikuwaje?"

"Gari zuri," mama akasema.

Kijana akapiga magoti palepale kwenye sakafu, akaanza kulia. Mama akampapasa kichwa akakipata. Akamwambia, "Nyamaza, baba. Mwaka mmoja si mrefu, nimeshazoea. Ila mwakani ukija kunichukua, njoo kwa miguu. Tutashuka wote."

Wapendwa, tulitazame gari hili, kwa sababu ni letu.

Kuna siku ulichagua. Labda ulisimama hapa mbele, ukabatizwa, ukasema mimi nitakuwa mtu wa siku ngumu. Ulisema nitakuwa mume wa aina hii, mama mlezi wa aina hii, mzee wa kanisa wa aina hii. Ulichagua vizuri, na mimi sitakubali mtu akucheke. Nauliza tu kuhusu miaka iliyofuata. Nani amekuomba upunguze kelele? Ulipunguza nini? Sala ya asubuhi ilikuwa inachelewesha watu. Kusema kweli kulikuwa kunaharibu vikao. Ulikuwa unakwenda kukaa na wagonjwa, ukaambiwa huku kwenye kamati ndiko unakohitajika. Na ulipotoa hivi ulishukuriwa, tena na sisi. Sisi ndio tuliokuwa tunapiga makofi kwenye matangazo. Tusijitoe katika habari hii. Kamati ile ina wajumbe humu.

Lakini si hilo linalonikosesha raha zaidi. Kama kijana angekwama peke yake, tungesema pole, ukanunue matairi mengine. Uzito wa habari hii ni ile machela iliyoondoka tupu. Mama alikuwa na msaada mwingine mlangoni, watu wenye mabega, njia ikiwa bado inakanyagika, akaukataa. Aliukataa kwa sababu ya neno la mtu anayempenda. Neno lile lingekuwa la mlevi wa kijijini asingelisubiri, na leo angekuwa anaona. Kilichomfunga ni kwamba mwanawe aliaminika.

Nasi tunaaminika. Hiyo ndiyo hatari yetu. Yuko mjane uliyemwambia, ukizidiwa niite mimi, usimsumbue mtu mwingine. Hajamsumbua mtu mwingine. Yuko kijana uliyemwambia nitakusimamia, nawe hujamwona tangu Krismasi, na kila anayetaka kumsaidia anamjibu, ninaye mtu. Yuko mtoto uliyemshika mikononi siku ya ubatizo wake, ukajibu kwa sauti kubwa kwamba ndiyo, nitamlea katika imani, na wazazi wake wakapumua. Hao wote wamekaa mlangoni. Wamewaambia wengine waende tu.

Je, unaweza kuwafikia? Usinijibu kwa gari la mwaka jana. Chuchumaa leo, ingiza kidole kwenye tairi, uone kama kinazama.

Kikizama, nenda, na Mungu akutangulie. Wewe ndiwe uliyehitajika. Kisipozama, usikate tamaa wala usijifanye. Matairi yanarudishwa, mtu anaweza kuanza upya, na mwezi ujao ukawa unapanda mlima tena. Mimi naamini hivyo kwa moyo wote, la sivyo nisingekuwa na kazi hapa. Lakini yule wa mlangoni asingoje mwezi ujao. Mwambie leo. Mwambie, mama, mimi bado sijawa sawa, nenda na wenzako, nitakukuta huko. Litauma kulisema. Utajiona umeshuka mbele yake. Naye atakuwa njiani, anabebwa, anakwenda kupona, na huo pia ni upendo, tena ni ule usiopigiwa makofi.

Kila Jumapili nawaomba mzime simu. Leo nawaomba mziwashe. Kwaya itanisamehe, wimbo utasubiri. Mmoja mmoja tokeni nje, mkampigie simu yule ambaye jina lake limekuja kichwani tangu niliposema neno mlangoni, nanyi mmekuwa mnalisukuma pembeni mpaka sasa. Msiogope kuacha viti vitupu. Mimi natangulia, na wangu, hii ni Jumapili ya tatu ananisubiri mlangoni.